Mahakama Isiyo na Gereza

Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga kumbi za maigizo barani Ulaya, nyingi kati ya kumbi hizo zilifungua hazina ya rekodi zao na kuzirusha mtandaoni. Sisi tunaofundisha huku, ambao kwa miaka mingi tulizisoma habari za maonyesho hayo majaridani bila kuyaona, tukapata kiti cha mbele bila viza wala tiketi. Kilichohitajika kilikuwa kifurushi cha intaneti na subira.

Nilianza na vipande vya kazi za Faustin Linyekula, mcheza dansi na mbunifu wa maonyesho wa Kongo, ambaye kikundi chake, Studios Kabako, kilianzishwa Kinshasa mwaka 2001 kisha kikahamia Kisangani. Linyekula huisimulia historia ya nchi yake kwa mwili zaidi kuliko kwa maneno. Kazi moja ikaniongoza kwenye nyingine, hadi nikaifikia Mahakama ya Kongo, iliyobuniwa na mwongozaji wa Uswisi, Milo Rau.

Wazo lake ni rahisi kulieleza na gumu kulitekeleza. Mwishoni mwa Mei 2015, katika ukumbi wa Chuo cha Alfajiri mjini Bukavu, Rau alisimamisha mahakama. Mwezi uliofuata akaiendeleza Berlin. Wachimbaji wa madini waliosimama pale walikuwa wachimbaji kweli, mawaziri wa mkoa walikuwa mawaziri kweli, na mwenyekiti wa jopo, Jean-Louis Gilissen, ni wakili wa Ubelgiji anayezifahamu mahakama za kimataifa. Cha kuigiza kilikuwa mamlaka tu, kwani hukumu ya mahakama hiyo haikuweza kumlaza mtu rumande hata usiku mmoja. Mashauri yalikuwa matatu: mgodi wa Bisie, mgodi wa dhahabu wa Twangiza pamoja na wanakijiji walioondolewa makwao, na mauaji ya Mutarule. Filamu iliyotokana na mikutano hiyo ilitoka mwaka 2017.

Shauri la Mutarule ndilo lililonifanya niirudie filamu hiyo nilipokwenda likizo Ujiji. Kijiji hicho kiko katika uwanda wa Ruzizi, kaskazini ya Uvira. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu wasiopungua 30 waliuawa pale, wakiwamo wanawake na watoto, ilhali wanajeshi wa serikali na walinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwa kilomita chache tu kutoka hapo. Mto Ruzizi humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Kwa mtu wa Kigoma, basi, habari hizo ni za jirani wa ng'ambo, ambako boti za biashara huenda na kurudi.

Nilitazama na mjomba wangu, mzee aliyefanya biashara ya dagaa na migebuka na watu wa ng'ambo kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Palipozungumzwa Kifaransa nilimtafsiria. Wanakijiji walipoanza kusema Kiswahili chao alininyamazisha kwa mkono, akasogeza kiti karibu na kompyuta.

Baada ya muda akauliza, "Mjomba, hakimu huyu anaweza kumfunga nani?"

"Hamfungi mtu, mjomba. Si mahakama ya serikali."

"Basi kwa nini wanamwambia kweli?"

Sikuwa na jibu la haraka. Yeye mwenyewe ndiye aliyelitoa, filamu ilipokwisha: "Boti ikizama ziwani, majina husomwa msikitini usiku uleule. Hatuyasomi ili tuukamate upepo."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko makala nyingi za kitaaluma nilizosoma kuhusu Rau. Linaeleza vizuri kwa nini mjane hutoa ushahidi mbele ya hakimu asiye na pingu: msiba uliosemwa hadharani haukanushiki kwa urahisi tena. Hata hivyo, nalikubali nusu. Upepo hauna jina wala cheo. Walioingia Mutarule usiku ule wana majina, na waliopewa kazi ya kulinda wana vyeo. Mahakama ya maigizo ikituliwaza hadi tukaacha kuidai ile ya kweli, itakuwa imewatumikia wauaji. Thamani yake ni kutuonyesha kwamba jambo lenyewe linawezekana. Ikiwa msanii aliweza kuwaketisha waziri na mchimbaji katika chumba kimoja kwa siku tatu, dola inayodai kushindwa ina la kujibu.

Wapo wanaouliza kwa nini aliyefanya hivyo awe Mzungu. Swali ni la haki, lakini lisituzuie kujiuliza letu. Sanaa ya namna hii si ngeni kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, wilayani Kwimba, wakawawezesha wanakijiji kuyachunguza matatizo yao kwa ngoma na maigizo na kuyajadili hadharani. Kule Kamiriithu, Limuru, wakulima na wafanyakazi waliigiza maisha yao wenyewe mwaka 1977. Kibali kikafutwa, Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Lakini mwanafunzi wangu huitazama Bukavu kwenye simu yake, ilhali Malya anaisoma kitabuni. Hawezi kuisikia sauti ya mwanakijiji akimjibu mwenyekiti wa kijiji, wala kuuona uso wa mwenyekiti huyo.

Vijana wa Kibirizi wakitaka leo kuigiza habari za ziwa, kurekodi na kuweka mtandaoni, watakutana kwanza na karatasi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliweka utaratibu wa vibali. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zikaleta leseni, ambayo wakati huo ada yake ya mwanzo ilikuwa shilingi 1,000,000, mbali na 100,000 za maombi. Mvuvi wa dagaa anajua hiyo ni fedha ya nyavu ngapi.

Ilhali mashahidi tunao. Kambi ya Nyarugusu imewapokea Wakongomani tangu mwaka 1996. Mei 2015, mwezi uleule Bukavu ilipokuwa ikisikiliza mashahidi, MV Liemba ilikuwa ikiwabeba wakimbizi wa Burundi kutoka ufukwe wa Kagunga kuwaleta Kigoma, huku kipindupindu kikiwaandama.

Kwa wanafunzi wangu: itazameni Mahakama ya Kongo, kisha mwulizeni kila mtu mnayetaka kumrekodi atalala wapi kamera ikishaondoka. Rekodi inayomtia shahidi hatarini haina cha kujivunia. Kwa wanaharakati: jifunzeni kwa Malya kwamba wenye tatizo ndio wanaochagua cha kuigizwa. Na kwa ndugu zangu watumishi wa umma, mnaopokea maombi ya vibali: anayeomba kusoma majina ya waliozama hajavunja amani ya mtu. Mpeni kibali, na kama mnaweza, ketini mstari wa mbele msikilize.