Maporomoko ya Lofoi: kabla hamjapanda motokari



Kila mwaka mvua zikiisha, kunakuwa na kikundi kinachouliza: twende wapi na watoto, mbali kidogo na vumbi la malori ya migodi? Wengi wanataja Lubumbashi na bustani yake ya wanyama. Ni pazuri, lakini mimi nataja Kundelungu.

Kundelungu ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1970. Ni uwanda mkubwa wa majani, juu sana, meta 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Miti ni michache, upepo haukosi, na mwezi wa sita usiku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Mto Lofoi unapita humo taratibu, mdogo tu, hata mtu anaweza kuudharau. Halafu ardhi inakatika. Mto unajitupa korongoni kwa mruko mmoja, zaidi ya meta 300. Mosi-oa-Tunya ya Zambia, ambayo dunia nzima inaijua, ina meta 108. Ya kwetu hata watoto wa shule za Likasi wengi hawajaisikia.

Ukisimama juu, humsikii jirani yako akisema. Chini kabisa unaona msitu wa kijani kibichi, unaoishi kwa ukungu wa maji hayo. Ndege wanaruka chini ya miguu yako. Bila kumshika mkono mtoto, usisogee hata hatua moja: hakuna ukuta, hakuna kamba, na mawe ya karibu na maji yana utelezi kama sabuni. Kikwembe cha mgongoni kinatosha kwa mtoto wa kunyonya. Wale wa miaka mitano mpaka kumi ndio wa kuhofia, maana hao wanakimbia.

Sasa shida ya safari hii. Maji yanakuwa mengi wakati wa mvua, mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne, na ndio wakati barabara ni matope na motokari inalala njiani. Barabara inakauka vizuri mwezi wa nane, lakini wakati huo Lofoi umebaki uzi mwembamba, na juu majani yamechomwa, nchi nyeusi. Kwa hiyo chagueni mwezi wa tano. Watu wengi wanaanzia Lubumbashi, na ruhusa inaombwa ICCN, ofisi ya serikali inayolinda mbuga. Msiende bila mlinzi, na kabla ya kutoa franga yoyote ulizeni hali ya usalama. Kazi ya walinzi hawa si mchezo. Katika mbuga jirani ya Upemba, mwaka 2004 watu wenye silaha walishambulia makao ya walinzi pale Lusinga wakamuua mke wa mkuu wa mbuga, na Desemba 2012 mkuu wa mbuga hiyo aliuawa pia. Mkikutana na mke wa mlinzi akitwanga mbele ya nyumba yake, msalimieni vizuri.

Kuna jambo jingine linalonirudisha Lofoi kila nikifikiria chakula cha nyumbani. Maji yale, baada ya kuanguka, yanakwenda kuingia mto Lufira. Ni Lufira ileile inayopita upande wetu, ambayo wazee wa Kisanga wanaikumbuka kwa chumvi ya Mwashya. Maji ya Likasi nayo, pamoja na mto Panda uliobeba uchafu wa viwanda na migodi kwa miaka mingi, yanaingia humo humo. Lofoi unaleta maji safi, sisi tunaleta yale tunayoyajua. Yanachanganyika, yanashuka mpaka maziwa ya Upemba, yanakutana na Lualaba. Huko ndiko wanakovuliwa kambale na samaki wakavu wengi tunaonunua sokoni kula na bukari.

Na mlima wenyewe unavuta maji kwa sababu una majani na misitu pembeni ya mito. Miti ya chini yake inakatwa kwa ajili ya makala, yale yanayofika kwetu kwa magunia juu ya baiskeli. Silaumu mwenye baiskeli, na mimi napika kwa makala. Lakini mtoto akiwa amesimama pale juu anauliza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, na hilo ni somo ambalo mwalimu hawezi kulichora ubaoni.

Kwa kikundi kitakachokwenda: chukueni chandarua, blanketi kwa kila mtu, na unga wa siku mbili zaidi ya mlizopanga. Chukueni pia bidoni za maji ya kunywa. Chini bondeni, watoto wasioge kwenye maji yaliyotulia, kwa sababu ya kichocho.