Ranieri, beki aliyechelewa kutulia

Bao la tatu la Monaco usiku ule wa Aprili 2004 alilifunga Shabani Nonda, akitokea benchi, na kibanda umiza chetu cha Magomeni kikagawanyika pale pale. Wapenzi wa Chelsea walishika vichwa. Wana Yanga waliruka, hata wale ambao Chelsea ndiyo timu yao ya Uingereza, maana Nonda aliwahi kuvaa jezi ya kijani na njano hapa hapa Dar es Salaam kabla hajakwenda Ulaya. Mimi nilikuwa namtazama kocha wa Chelsea, Claudio Ranieri, na miwani yake.

Nilikuwa beki wa timu ya mtaa, na sisi mabeki tuna tabia ya kuwafuatilia makocha waliotoka kwetu. Ranieri alitoka kwetu. Ilikuwa nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, matokeo 1-1, Monaco wamebaki kumi baada ya Zikos kuonyeshwa kadi nyekundu. Sare ile ya ugenini, yenye bao, ilikuwa mali. Lakini Ranieri akamtoa beki wa kulia, Mario Melchiot, akamwingiza mshambuliaji, Hasselbaink. Kiungo Scott Parker akarudishwa ubekini, muda si muda naye akatolewa, akaingia kijana mrefu wa Kijerumani, Robert Huth. Ukuta ukawa hauelewani tena. Morientes akafunga, Nonda akafunga, 3-1. Msimu huo Chelsea walimaliza wa pili kwenye ligi, nafasi ambayo hawakuwa wameifikia tangu ubingwa wao wa 1955, lakini Ranieri akaonyeshwa mlango, akaja José Mourinho. Waingereza walishamchoka kwa kupangua kikosi kila wiki.

Hilo la kupangua ndilo lililonisumbua, kwa sababu mwenyewe alipocheza alikuwa mtu wa kukaa mahali pamoja. Ni mtoto wa Roma, baba yake alikuwa na bucha mtaa wa Testaccio. Klabu yake ya nyumbani ilimpa mechi 6 tu za ligi. Mwaka 1974 akashuka kusini, Catanzaro, akakaa misimu 8 kwenye timu ndogo iliyokuwa ikipanda na kushuka daraja, kisha Catania na Palermo. Hata ukocha aliuanza kwa subira: Cagliari aliichukua daraja la tatu mwaka 1988, na kufikia 1990 ilikuwa Serie A. Akabeba Kombe la Italia na Fiorentina 1996, na Kombe la Mfalme na Valencia 1999. Mtu wa namna hiyo alipata wapi mikono isiyotulia?

Mwaka 2010 niliiona tena mikono hiyo, safari hii ikimletea heri. Alikuwa kocha wa Roma, akifukuzana na Inter kuwania ubingwa. Afrika Mashariki wengi tulikuwa upande wa Inter, kwa ajili ya Mkenya McDonald Mariga aliyekuwa amejiunga nao mwanzoni mwa mwaka. Dabi dhidi ya Lazio, mapumziko Roma wako nyuma 1-0, Ranieri akawatoa Totti na De Rossi, wote wawili wazaliwa wa mji na roho za timu. Vučinić akafunga mawili, wakashinda. Ubingwa ulikwenda Inter, ila uamuzi ule bado nauhesabu kati ya maamuzi ya kijasiri kuliko yote niliyowahi kuona.

Kisha akayumba. Baadaye aliwafundisha Inter hao hao, nao wakamtimua. Ugiriki ilimwondoa Novemba 2014 baada ya kufungwa nyumbani na Visiwa vya Faroe, na aliposaini Leicester Julai 2015, kampuni za kubeti za Uingereza ziliipa timu hiyo nafasi moja kati ya 5,000 ya kuwa bingwa.

Pale Leicester ndipo nilipomwona Ranieri mwingine. Hakubomoa alichokikuta. Arsenal walipowapiga 5-2 mwezi Septemba alibadilisha mabeki wa pembeni, akawaweka Danny Simpson na Christian Fuchs, wacheze nyuma na wasikimbilie mbele ovyo. Katikati alikuwapo nahodha Wes Morgan, na pembeni yake Huth, yule yule wa usiku wa Monaco, sasa mtu mzima. Baada ya hapo kikosi kikawa kile kile wiki hadi wiki, ungeweza kukitaja usingizini. Aliwaahidi wachezaji pizza siku watakayomaliza mechi bila kufungwa. Waliisubiri hadi Oktoba, walipoifunga Crystal Palace 1-0. Machi na Aprili walishinda mechi 4 mfululizo, zote 1-0. Watu walisifu kasi ya Vardy na chenga za Mahrez, na walistahili, na Kanté alikuwa kila mahali. Lakini zile 1-0 zilikuwa kazi ya beki wa Catanzaro. Ubingwa ulithibitika Mei 2, 2016, Chelsea walipotoka sare 2-2 na Tottenham. Mtaani kwetu wakashangilia watu ambao Leicester hawajui hata iko wapi.

Februari iliyofuata alifukuzwa, jambo ambalo bado linaniuma.

Hakuwa amemaliza. Alirudi Cagliari, akaipandisha tena Serie A mwaka 2023 kwa bao la Pavoletti dakika za nyongeza kule Bari, akalia machozi uwanjani. Novemba 2024, akiwa na miaka 73, aliichukua Roma ikiwa ya 12. Ikacheza mechi 19 za ligi mfululizo bila kupoteza, ikamaliza ya 5 kwa pointi 69, pungufu ya pointi moja tu kuingia Ligi ya Mabingwa. Juni 2025 Italia ilimwomba aifundishe timu ya taifa, akakataa, akachagua kubaki Roma kama mshauri. Nilitamani akubali. Nchi iliyokosa Kombe la Dunia la 2018 na la 2022 ilikuwa na ukuta unaovuja, na sikumwona mwingine ambaye ningemkabidhi.