Feni Sita za Taa, Pawa Saplai ya Elfu Arobaini

Picha ilikuwa kali, hilo halina ubishi. Keisi ya kioo mbele na ubavuni, feni sita zinawaka zambarau na bluu, chumba cha Sinza kimezimwa taa ili mashine ing'ae yenyewe. Mwenye mashine ni kijana anayeshuti na kuediti video za harusi hapa Dar, na siku anaiposti Instagram emoji za moto zilimiminika. Katikati ya sifa zote hizo mtu mmoja akauliza: "Kaka, pawa saplai umeweka ipi?" Akajibiwa kwa emoji ya kucheka.

Jamaa alikuwa amejibana mwaka mzima kutafuta hela ya hiyo kompyuta. Ikapungua laki sita. Mchumba wake akampa hela yake ya mchezo, ile aliyoisubiri miezi minane ili aongeze mtaji wa duka lake la vipodozi. Sharti lilikuwa moja tu, irudi kabla ya Desemba. Kadi ya grafiki ikala fungu kubwa, RTX 3060, akaiwekea prosesa ya Core i5-12400F, na kwa kazi ya video hapo hakukosea kabisa. Shida ilianza alipofika kwenye vile vitu ambavyo hakuna anayevisifia mtandaoni. Feni sita za taa na kiboksi chake cha kubadilisha rangi: 240,000. Pawa saplai: 40,000, kwa sababu ndiyo hela iliyobaki mfukoni, na kwa sababu ubavuni ilikuwa imeandikwa 600W kwa maandishi makubwa ya dhahabu. Mkononi ilikuwa nyepesi kama boksi tupu. Yeye akaona ndiyo teknolojia mpya hiyo.

Wiki tano ikafanya kazi vizuri. Kukata na kuunga vipande vya video hakuilazimishi mashine kutoa nguvu zote, kwa hiyo hakuna kilicholalamika. Kulikuwa na joto, ndiyo. Ukiweka kiganja juu ya kioo unakitoa haraka. Lakini Dar nani hana joto? Halafu vumbi: kila baada ya siku tatu kadi ilikuwa na ukungu wa kijivu, wakati feni sita zinazunguka kama wazimu. Na mara mbili mashine ilizima ghafla katikati ya kazi. Jamaa akalaumu umeme, japo friji ya jirani ilikuwa inanguruma na TV ya sebuleni haikupepesa hata mara moja.

Usiku ule alikuwa anatoa kazi ya mwisho ya harusi moja ya Tabata. Sendofu ilishutiwa ukumbi wenye mwanga hafifu, kwa hiyo aliwasha kisafisha chenga za picha, na hicho kinaikamua kadi na prosesa kwa pamoja bila huruma. Saa nane na nusu, asilimia 71, ikasikika "pap!" Wala haikuwa sauti kubwa. Ikafuata harufu ya plastiki iliyoungua, na zile taa za zambarau zikazima zote kwa mpigo.

Asubuhi akaibeba kwenye bajaji hadi Kariakoo, ghorofa ya pili, kwa dada mmoja fundi anayejulikana kwa kutopenda maneno mengi. Jamaa akaanza na hadithi ya umeme wa mtaa. Fundi hakumjibu. Alitoa pawa saplai, akaigeuza, akamwonyesha jedwali dogo chini ya yale maandishi ya dhahabu.

"Soma hapa, mdogo wangu. Volti 12, ampea ngapi?"

"Ishirini."

"Zidisha."

240. Siyo 600. Kwenye kompyuta za sasa, prosesa na kadi ya grafiki vyote viwili vinakula kwenye huo mstari wa volti 12, kwa hiyo ile namba kubwa ya ubavuni ni ya kuvutia wateja tu. Kisha akachukua peni akamwandikia nyuma ya risiti: kadi wati 170, prosesa ikikazwa inafika 117, madabodi, diski, memori na feni weka kama 60. Jumla karibu 350. Na hapo kadi ina tabia ya kuvuta zaidi ya kiwango chake kwa sekunde kiduchu, halafu inatulia. Nvidia wenyewe kwa kadi hiyo wanashauri pawa saplai ya wati 550. Jamaa alikuwa anaendesha lori kwa injini ya bodaboda, na wiki zote tano lilikuwa linapita kwenye tambarare tu.

"Nikinunua yenye beji ya 80 Plus nitakuwa salama?"

Fundi akamwambia beji hiyo inaeleza umeme kiasi gani unapotea kama joto, basi. Ni dalili nzuri, siyo kiapo. Cha kuangalia ni ule mstari wa volti 12 ukaribiane na wati zilizoandikwa, waranti ya miaka kadhaa, na kinga za ndani zinazokata umeme kabla mzigo haujazidi au volti haijapanda. Ya kwake haikuwa na kinga. Ndiyo maana haikufa peke yake: iliondoka na madabodi na diski ngumu. Kadi ikapona, SSD ikapona.

Feni nazo zilikuwa na kesi yao. Fundi alikuwa amechoma udi dukani kama kila asubuhi, akachukua kile chetezo, akaichomeka mashine pawa saplai ya kujaribia na madabodi ya kuazima, akawasha. Moshi ukisogezwa mbele ya keisi, unasukumwa. Nyuma, unasukumwa. Juu, vilevile. Feni zote sita zilikuwa zinatoa hewa nje, hata moja haikuwa inaingiza! Kumbe upande mzuri wa feni ndio unaovuta hewa, na ule wenye nguzo za fremu ndio unaoitoa. Jamaa alikuwa amezigeuza zote ili uso wenye taa uonekane vizuri kupitia kioo. Hewa ikawa inajipenyeza kwenye matundu yasiyo na chujio, ikibeba vumbi lote la Sinza. Na kwa kuwa mashine ilikaa chini kwenye zulia, pawa saplai yenyewe, ambayo feni yake inavutia hewa kwa chini, ilikuwa imezibwa pua. Mtu ametoa laki mbili na arobaini kwa upepo, akapata mwanga.

Hayo ya mashine yalikuwa na bei. Kilichokuwa hakina bei kilikuwa kwenye diski ngumu. Harusi ya kanisani ilikuwa kwenye SSD, salama. Sendofu ilikuwa kwenye ile diski tu, na kadi za kamera alikuwa ameshazifuta kwa kazi nyingine. Mtu wa kurudisha data alijaribu siku nne, wapi.

Ikabidi aende Tabata mwenyewe. Mchumba wake alijitolea kwenda naye, akakataa, kisha akampigia simu akiwa kituoni amfuate. Akawasalimu, akaketi, akasema yote bila kumtaja jirani wala umeme, akaweka mezani bahasha yenye malipo yote ya sendofu. Mama wa bibi harusi hakuigusa.

"Mwanangu, hela ni hela. Ile sauti ya bibi tutaipata wapi?"

Bibi alikuwa ametoka Songea kwa ajili ya ile sendofu. Alisimama akamwusia mjukuu wake, ukumbi ukanyamaza. Wiki tatu baada ya harusi akafariki. Familia ilikuwa inaisubiri hiyo video kuliko ya kanisani.

Jamaa alikaa kimya, hana la kusema. Ni mchumba wake aliyeuliza kama kuna grupu la WhatsApp la kamati. Lilikuwepo. Wakaomba pale pale, na jioni shangazi mmoja wa Morogoro akatuma kipande cha sekunde 48: simu imesimamishwa wima, kichwa cha mtu kimeziba nusu ya bibi, MC anaongea juu yake mwanzoni. Baadaye binamu mwingine akatuma sekunde 20 kutoka upande wa pili, sauti safi kidogo.

Feni za taa aliziuza zote sita kwa mwenye kibanda cha gemu kwa 150,000. Akaongezea, akanunua pawa saplai ya wati 550 kwa 190,000, nzito, mstari wa volti 12 unafika karibu wati zote, na madabodi ya mtumba. Feni akachukua tatu tu, nyeusi, za milimita 120, pini nne ili kasi ipande na kushuka kufuata joto. Mbili mbele zinaingiza, zikiwa na chujio, moja nyuma inatoa. Kioo cha mbele kikavuliwa, ukawekwa wavu. Fundi akaipitishia udi tena kabla ya kumruhusu aondoke.

Kazi ya kwanza ya mashine hiyo ilikuwa ni zile sekunde 68. Usiku mzima alimtoa MC kwenye sauti, akalinganisha simu mbili, akamwacha bibi aongee. Kadi haikupita nyuzi 72 na chumba kilikuwa kimya kiasi cha kusikia kila neno. Mchumba wake alilala kwenye kochi akisubiri, akaamka alfajiri, akaitazama mara mbili bila kusema kitu.

Laki sita yake imerudi laki mbili na nusu mpaka sasa. Mashine ipo juu ya meza, haiwaki rangi yoyote, na Instagram ile picha ya zamani bado ipo. Yule aliyeuliza kuhusu pawa saplai, jamaa alimjibu inbox: "Kaka, una muda nikupigie?"