Usisaini kwa Njaa

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Mama yako goti limepungua kuvimba, dada yako kajifungua salama mtoto wa kike, na mvua za masika zimeondoka na ukuta wa uani. Mengine utayaona ukija.

Kilichonishikisha kalamu ni habari niliyoletewa na mtu aliyeshuka basi la Dar es Salaam Jumamosi iliyopita. Anasema kakukuta Sinza, umekonda, na ule mkoba wa vifaa vya umeme umeuuza na vilivyomo vyote, drili, testa, plaizi na bisibisi zake, ili ulipie studio. Anasema pia kuna meneja amekuletea mkataba na wewe uko tayari kuutia saini. Nilimuuliza kama umeshasaini, hakuwa na jibu. Sikupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe husema "sawa shangazi" kisha ukafanya lako. Karatasi utaweza kuisoma tena.

Sikuandikii kukukataza kuimba. Mji huu ndio wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na sisi wasichana wa wakati ule nyimbo za taarabu za Black Star tulikuwa nazo midomoni tukifua, tukipika. Sauti yako umeitoa upande wetu. Babu yako akisoma maulidi, wapita njia walikuwa wakisimama. Nami ndiye niliyekulipia ada ya chuo cha ufundi cha VETA kwa kiinua mgongo changu. Simdai mtu. Ila mkoba ule naujua umetoka wapi, na kusikia umeuzwa kumeninyima usingizi.

Ulipokuja Idi uliniambia, "Shangazi, ukiwa na pa kurudia hutafika uendako." Ukaniongezea na ile ya mshika mbili. Nilinyamaza kwa ajili ya wageni. Leo nakujibu kwa habari ya baba yako mkubwa, ambayo marehemu baba yako hakupenda isimuliwe.

Baba yako mkubwa alikuwa seremala. Kitanda ninacholalia hadi leo ni kazi ya mikono yake. Jumamosi na Jumapili usiku alipiga gita la solo kwenye bendi moja ya hapa, jina nalihifadhi, na siku za kazi alikuwa na randa yake. Mwanzoni mwa miaka ya sabini bendi ikapata sifa, na mwenye bendi akamwambia achague moja. Akachagua. Misumeno, randa, patasi, vyote akamuuzia jirani, akashona suruali za bugaluu za kupandia jukwaani. Gita hakununua, maana magita, ngoma na amplifaya vilikuwa mali ya mwenye bendi. Ndivyo ilivyokuwa kwa wanamuziki wengi wa zama zile: ukigombana na mwenye vyombo, unatoka mikono mitupu hata kama nyimbo zote umezitunga wewe.

Wakasafiri kwenda Nairobi kurekodi santuri. Alikuwa anadaiwa kodi ya chumba na mkewe ana mimba kubwa. Mwenye kampuni akaweka mezani karatasi ya Kiingereza na noti juu yake: malipo ya mara moja, wimbo unakuwa wao. Baba yako mkubwa akasaini. Mpiga besi wao, aliyekuwa fundi kwenye karakana ya reli, naye alikuwa na nyimbo zake mbili, akakataa. Alisema Jumatatu anaingia kazini na mwisho wa mwezi ana mshahara, basi atarudi na nyimbo zake. Hakumshinda baba yako mkubwa kwa kipaji, wala kwa ushujaa. Alikuwa na kazi ya kurudia, na kazi ile ndiyo iliyompa ulimi wa kukataa.

Sikufichi upande wa pili. Nyimbo za yule mpiga besi hazikurekodiwa hadi amekufa nazo, na hiyo ni hasara. Lakini ule wa baba yako mkubwa ulipigwa kwenye mabaa toka hapa hadi Kisumu, naye hakuongezewa senti. Bendi ilipovunjika alikwenda kwa jirani kuazima randa zilizokuwa zake. Alipougua tuliyachangia matibabu yake mlango kwa mlango. Mimi nilikuwa nesi hospitali ya Bombo wakati huo. Manesi wenzangu walikuwa wakiuimba wimbo ule wodini, hawajui ni wa mgonjwa wa kitanda cha dirishani, naye aliniomba nisiwaambie.

Sasa nawe unaniambia aliye na pa kurudia hafiki. Mwanangu, anayekuletea mkataba anajua kusoma uso wa mtu mwenye njaa. Akikuona huna kodi, huna kazi, huna hata testa mfukoni, bei anapanga yeye. Fundi mwenye vifaa vyake anaweza kusema, "Nipe wiki mbili niusome." Kwangu mimi faida ya kazi ya pili ni hiyo, hata kama muziki usingekuangusha kamwe.

Wala usione ni aibu. Shaaban Robert, mzaliwa wa hapa kwetu Vibambani, alikuwa karani wa forodha toka 1926 hadi 1944, kisha akaendelea na kazi nyingine za serikali, huku anaandika. Edward Saidi Tingatinga, ambaye mtindo wake wa kuchora sasa unaitwa kwa jina lake duniani, alianza kuchora 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli, na bado alifanya kazi ya uhudumu hospitali ya Muhimbili. Nani leo anawaita hao wasanii nusu?

Najua kazi huchosha, na kuna kazi zinazommaliza mtu hata akifika nyumbani hana wimbo. Ndiyo maana nilikuchagulia umeme, nikamkatalia mjomba wako aliyetaka uwe mlinzi wa ghala usiku. Fundi umeme anapanga siku zake. Unafunga taa za nyumba moja Jumanne, Jumatano na Alhamisi uko studio. Tena jukwaa gani linawaka bila fundi? Jiwekee wewe mwenyewe kiasi: ukiona muziki unakulipa kodi na chakula mwaka mzima bila kukopa, hapo pumzisha vifaa. Vipumzishe, usiviuze.

Nyimbo zako zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Akaunti ya YouTube iwe kwa jina lako, na neno la siri usimpe mtu. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999 kazi yako inalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Basi karatasi ikisema unatoa haki zote daima, unagawa na riziki ya watoto ambao hujawazaa. Pombe za baada ya shoo uziache. Mpigie mama yako, anakuuliza kila jioni.

Pesa ya kununua vifaa nimemkabidhi binamu yako wa Temeke. Atakwenda nawe dukani. Mkononi hatakupa, na usimbembeleze. Ule mkataba usiutie saini. Upige picha ukurasa kwa ukurasa, umtumie dada yako, maana nimeshazungumza na wakili hapa mjini na amekubali kuusoma bila malipo. Kama umeshasaini, niambie hivyo hivyo, sitakugombeza, wakili atatazama kinachoweza kuokolewa. Lakini niambie wiki hii, kabla hujaingia tena studio.

Ni mimi shangazi yako.