Nani Atanoa Visu Tukiondoka?

Katika jarida hili mmezoea kusoma tafakari juu ya sala, wito na mafundisho ya wanafalsafa. Leo tunaomba ruhusa ya kuandika juu ya visu vya mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Wanaofugia bandani wataelewa mara moja. Wengine tunawaomba mvumilie kidogo, maana visu hivyo vilikaribia kuivunja jumuiya moja huko kwetu Nyamahanga, na sisi mafrateri watatu tuliokuwa nyumbani likizo tulijikuta katikati ya mgogoro.

Tuanze na ng'ombe mwenyewe. Ng'ombe mmoja wa maziwa anaweza kumaliza kilo 50 au zaidi za majani mabichi kwa siku. Ukimtupia majani ya tembo yakiwa mazima, atachagua majani laini na kuyakanyaga mashina, na nusu ya jasho lako itageuka kuwa mbolea kabla ya kupita tumboni. Ukimkatia vipande vya sentimita 2 hadi 5, anakula karibu vyote. Kwa panga na gogo, kazi hiyo huchukua jioni nzima, na katika nyumba nyingi za kwetu anayeifanya ni mama, au mtoto aliyetoka shule akiwa bado na daftari zake mgongoni. Ndiyo maana familia 14 za jumuiya yetu ndogo ndogo ziliweka akiba kwa miaka miwili, zikanunua mashine moja yenye injini ndogo ya petroli. Inakata majani, mabua ya mahindi, hata matawi membamba ya lukina. Ilipofika ilibarikiwa, picha zikapigwa, ikawekwa kwenye kibanda karibu na kigango.

Tuliporudi likizo tulikuta mashine ile ile ina jina jipya: "mtafunaji". Haikuwa inakata tena. Majani yalitoka yamechanika, marefu, yenye nyuzi kama kamba. Injini ilinguruma kwa uzito na kutoa moshi, mkanda uliteleza na kunuka. Lililo baya zaidi, majani hayakuwa yakivutwa ndani yenyewe, kwa hiyo watu walianza kuyasukuma kwa mkono. Baba mmoja jirani yetu, fundi wa kuezeka nyumba, alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia kwa namna hiyo. Kisu kikali kingemkata pia, hilo ni kweli. Lakini kisu kikali kisingemlazimisha kusukuma.

Baada ya ajali hiyo jumuiya iligawanyika. Wapo waliosema mashine ina mkosi, iuzwe. Wapo waliosema familia iliyoitumia mara nyingi ndiyo ilipe gharama zote. Wengine waliacha kabisa kuja kusali kwa sababu kila Alhamisi sala iliishia kwenye lawama. Kila mtu aliitumia mashine, hakuna aliyeinoa. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakutuambia nani azibe ufa wa nyumba ya watu 14.

Mwenyekiti wa jumuiya, mama mjane mwenye umri wa bibi zetu, alituita. "Mafrateri," alisema, "ninyi mnasoma. Hebu itazameni."

Tulifungua mashine. Nasi twajua wapo wasomaji wenye mashine kama hiyo, hivyo tutaeleza tulichofanya hatua kwa hatua, kadiri tulivyofundishwa na fundi mzee anayefua majembe na mundu.

Kwanza, kabla ya kugusa kisu, injini izimwe na waya wa plagi uchomolewe. Ukilizungusha gurudumu kwa mkono huku plagi imeunganishwa, injini inaweza kuwaka. Kisha toa mkanda, weka kabari ya mti kwenye gurudumu lisizunguke, vaa glovu nene. Gurudumu zito lenye visu likizunguka robo tu laweza kukata kidole bila msaada wa injini.

Pili, piga alama kila kisu na mahali pake kabla ya kufungua bolti. Mashine yetu ina visu viwili kwenye gurudumu, na kisu cha tatu kisichozunguka kilichofungwa mdomoni mwa mashine. Wengi hukisahau hicho cha tatu. Mkasi una ulimi wa pande mbili. Upande mmoja ukiwa butu, hakuna mkasi.

Tatu, osha visu kwa maji na sabuni, sugua utomvu wote. Majani ya tembo yana chembe ndogo za silika ndani yake, kitu kile kile kilichomo katika mchanga, nazo hula makali polepole hata kama majani ni safi. Yakiwa na udongo ni haraka zaidi. Jiwe dogo, msumari au kipande cha waya hung'oa makali kwa sekunde moja. Katika visu vyetu tulihesabu mapengo sita.

Nne, funga kisu kwenye jiriwa na unoe upande mmoja tu, ule wenye mteremko, ukifuata pembe ya zamani. Katika visu vingi vya namna hii ni karibu nyuzi 30. Pembe ikiwa nyembamba mno, makali hukatika upesi. Ikiwa nene mno, kisu hupiga badala ya kukata. Tupa isukumwe kuelekea mbele tu, isirudishwe kwa kukwaruza. Kama tupa inateleza bila kula, chuma ni kigumu kuliko tupa, basi tumia jiwe la kunolea lenye maji. Ukimaliza utahisi unywele wa chuma upande wa nyuma. Uondoe kwa kulaza kisu juu ya jiwe na kukipitisha taratibu mara mbili tatu.

Hapa tuseme neno juu ya grenda. Kabla yetu, visu vile vilikuwa vimepelekwa kwa fundi mmoja wa mjini, akavinoa kwa grenda ndani ya dakika tano. Vilirudi vinameta, na karibu na ncha vilikuwa na rangi ya bluu. Watu walifurahia rangi ile. Mzee wetu aliiona akatikisa kichwa. Chuma kilichokazwa kikipashwa moto baada ya kunolewa hubadilika rangi: kwanza manjano kama majani makavu, kisha kahawia, kisha bluu, inapofika karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Chuma cha kaboni kikifika hapo kimelainika. Kitakuwa kikali leo, na kesho kutwa ni butu. Ukitumia grenda, igusishe kidogo kidogo, na uwe na ndoo ya maji pembeni. Kisu kisipate moto hata usiweze kukishika. Sisi ilitubidi kuondoa sehemu yote ya bluu kwa jiwe na tupa. Ilituchukua siku mbili.

Tano, pima uzito. Tulikwenda dukani na kuviweka visu viwili kwenye mizani. Visu vya gurudumu moja lazima vilingane, la sivyo mashine hutetemeka, bolti hulegea na beringi hufa. Kilichokuwa kizito tulikipunguza upande wa mgongo, si upande wa makali.

Sita, rudisha visu kwenye nafasi zake, rekebisha mwanya kati ya kisu kinachozunguka na kile kisichozunguka. Hapa kitabu cha mashine ndicho kinachoamua. Kwa yetu ni chini kidogo ya milimita 1, karibu unene wa kadi ya benki. Zungusha gurudumu kwa mkono mizunguko kadhaa. Likigusa popote, usiwashe. Kaza bolti zote, washa, acha iende dakika kumi bila majani, zima, kaza tena.

Siku ya tatu mashine ilikata. Vipande vilitoka vifupi, vimenyooka, na majani yalivutwa yenyewe. Watoto walishangilia. Baba yule wa vidole viwili alikuja, akasimama mbali kidogo, akasikiliza sauti ya injini, akaondoka bila kusema neno. Hatukujua tumwambie nini, na mpaka leo hatujui.

Tulitegemea kushukuriwa, nasi tulishukuriwa. Lakini yule mama mwenyekiti alitutazama akauliza: "Frateri, mnarudi seminarini lini?" Tukamjibu kuwa ni baada ya wiki tatu. Akasema: "Basi mmetukopesha makali ya wiki tatu."

Neno hilo lilituchoma. Darasani tumesoma kwa Aristotle kwamba kila kitu kina kazi yake, na kwamba kama shoka lingekuwa kiumbe hai, kule kuwa shoka, yaani uwezo wake wa kukata, ndiko kungekuwa roho yake. Tulipokuwa tukiandika mtihani, mfano huo ulikuwa mwepesi. Pale kibandani tuliona upande wake mwingine. Kisu butu bado kina umbo la kisu, kina uzito wa kisu, kimefungwa mahali pa kisu. Kimepoteza kile tu kilichokifanya kiwe kisu. Na jumuiya inaweza kuwa vivyo hivyo: ina mwenyekiti, ina daftari la mahudhurio, ina msimamizi wake mtakatifu, na inatafuna watu wake.

Tulikumbuka pia simulizi la Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 13. Waisraeli hawakuwa na mhunzi katika nchi yao yote. Ilibidi washuke kwa Wafilisti, adui zao, kunoa majembe na mashoka, tena kwa malipo. Siku ya vita ilipofika, katika jeshi ni Sauli na Yonathani tu waliokuwa na silaha. Taifa lisiloweza kunoa jembe lake liko mikononi mwa anayelinoa.

Inauma zaidi ukijua tumetoka wapi. Hapa kwetu Kagera, pale Katuruka karibu na Bukoba, wanaakiolojia wakiongozwa na Peter Schmidt walichimbua mabaki ya tanuri za chuma za kale, za karibu miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walimjengea tanuri na kuyeyusha chuma mbele yake kama walivyoona ujanani. Kusini mwa Ziwa Victoria, Warongo walijulikana kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe. Sisi ni wajukuu wa wahunzi, na tulikuwa tunapanda bodaboda na visu viwili kwenye mfuko wa plastiki kwenda kutafuta grenda.

Kwa hiyo wiki tatu zilizobaki hatukunoa tena. Tulikaa pembeni, tukawaachia wengine tupa. Mzee fundi alifundisha, sisi tulishika jiriwa. Waliojitokeza walikuwa akina mama wanne, vijana wawili na, kwa mshangao wetu, binti mmoja wa kidato cha pili ambaye mkono wake ulishika pembe ya nyuzi 30 vizuri kuliko sisi wote. Wanaume kadhaa walicheka kuona akina mama wakinoa. Mama mwenyekiti aliwajibu kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na kicheko kikaisha.

Jumuiya ilinunua daftari. Kila anayetumia mashine anaandika tarehe, saa alizotumia na kama amepiga jiwe kwenye visu. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake, anataka mtunza mali wa monasteri avione vyombo vyote kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare, na anaagiza abati awe na orodha ya zana anazokabidhi na kupokea. Tulipowasomea jambo hilo Alhamisi ile, mzee mmoja alisema kwamba basi daftari lile likae karibu na kitabu cha nyimbo. Ndipo linapokaa.

Hatutaki kupamba. Familia mbili hazijarudi kusali. Gharama za hospitali za jirani yetu bado zinachangwa, na zinachangwa polepole. Kisu kimoja, kwa sababu ya ile bluu, kimepungua sana na kitahitaji kubadilishwa kabla ya Pasaka. Kila kunoa ni kupunguza. Hakuna kisu kinachonolewa bila kuisha kidogo. Ila kisu kisichonolewa nacho huisha, tena kwa kutu.

Wapendwa mafrateri wenzetu, mkienda likizo mtaombwa mambo mengi: kuongoza ibada, kufundisha watoto wa Komunyo ya kwanza, kusoma barua za Kiingereza. Fanyeni. Ila tazameni pia kile ambacho watu wanakitumia wote na hakuna anayekitunza, iwe mashine, kisima au kinanda cha kwaya. Msikitengeneze peke yenu usiku ili mshangiliwe asubuhi. Tafuteni mzee anayejua na binti anayetaka kujua, kisha ninyi shikeni jiriwa.

Nanyi waamini wetu, mtuulize swali lile kila mnapotuona tuna haraka ya kuwasaidia: tunarudi seminarini lini, na nani atanoa tukiondoka?