Mwezi Gani, Mwanangu?

Boti ya abiria iliondoka Kibirizi asubuhi, ikapita misitu ya Gombe, ikanishusha kijiji cha Mwamgongo, kando ya Ziwa Tanganyika, na begi la madodoso. Nilikuwa mdadisi: kazi yangu kupita kaya kwa kaya nikiuliza watu wanakula nini, wanalala wapi, wanapata shilingi ngapi.

Swali la kipato lilinishinda siku hiyohiyo. "Mwezi uliopita mlipata kiasi gani?" nilimuuliza mzee aliyekuwa akishona wavu. Akacheka. "Mwezi gani, mwanangu? Wa kalenda au huu wa juu?"

Dagaa hufuata taa gizani. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hulala mchangani, na nyumba iliyokuwa na noti juzi inakopa unga leo. Niliandika wastani. Mpaka leo nauonea haya wastani ule.

Kwa hiyo nilifurahi mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) walipotoa kipimo cha umaskini kinachotazama afya, elimu na hali ya maisha kwa viashiria 10. Kaya ikipungukiwa kwa theluthi ya mizani yote, ni maskini, hata kama jana iliuza dagaa vizuri. Ziwa unaloteka hatua chache kutoka mlangoni halikupi alama ya maji salama. Hapo walinikuna.

Ila kwenye orodha yao ya mali kuna baiskeli. Kwenye dodoso letu la zamani ilikuwemo pia, na ndiyo iliyoniponza. Mwamgongo imebanwa kati ya mlima na maji. Usafiri wakati ule ulikuwa boti. Mjane mmoja, aliyeishi kwa kuwaanikia watu dagaa, alikuwa na baiskeli ya marehemu mumewe, aliyoinunua walipokuwa wakiishi Kasulu. Aliianikia khanga. Nikaweka tiki. Mtumbwi, ambao ndio uliokuwa ukimfikisha mgonjwa Kigoma mjini, haukuwa na kisanduku.

Mwaka 2012 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulipozindua mpango wa kunusuru kaya maskini, utaratibu wake ulianzia mkutano wa kijiji: wananchi wenyewe wataje kaya, dodoso lifuate nyuma. Nilisoma mwongozo ule mara mbili, nikimfikiria yule mama. Jirani yeyote angemtaja kabla kikao hakijachangamka. Kwenye karatasi zangu alikuwa bado mwenye chombo cha usafiri.