Mchanga wa Pwani Unatoka Kwetu

Ukikaa Kibuta kama mimi, huioni bahari. Unaona mikorosho, mihogo na mabonde. Basi utauliza: mchanga wa pwani unatuhusu nini sisi wakulima wa Kisarawe?

Unatuhusu sana. Chukua mto Msimbazi. Unaanzia katika vilima vya Pugu, jirani zetu. Mvua ikinyesha, maji hubeba mchanga wa vilima hadi baharini. Mawimbi huutandaza ufukoni. Jua likiukausha, upepo huupeperusha juu. Hapo majani yanayotambaa, yale yenye maua ya zambarau, huunasa. Mwaka hadi mwaka unakuwa kilima.

Kilima hicho ni ghala. Bahari ikichafuka, hula kwanza mchanga wa kilima, kabla ya kufikia nyumba na minazi ya watu. Ghala hilo hujazwa tena na mchanga mpya wa mito.

Huko Kunduchi, kaskazini ya jiji la Dar es Salaam, ghala lilipungua. Bahari ilikula ufuko hata Hoteli ya Africana ikabomoka. Wataalamu, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichunguza. Hawakutazama mawimbi tu. Walitazama pia vijito vya huko, kama Tegeta na Mbezi. Mchanga ulikuwa ukichimbwa vijitoni kwa ajili ya ujenzi. Ukishapakiwa kwenye lori, haufiki tena pwani.

Baadhi ya wenye hoteli walijenga kuta za mawe kuingia baharini. Ukuta wa namna hiyo hunasa mchanga upande mmoja, na jirani wa upande wa pili hukosa. Mimi naona ni sawa na kuziba mfereji wa maji usifike shamba la mwenzio.

Vijana wengi hupata riziki kwa kuchimba mchanga. Siwalaumu. Tofali halifyatuliwi kwa maneno. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa bahari.

Kwa hiyo, lori likija kutaka mchanga wa kijito chenu, iulize serikali ya kijiji: kibali kiko wapi? Watachimba umbali gani kutoka ukingoni? Uliza mkutanoni, mbele ya watu, lori likiwa bado halijapakia.